Chagua Balbu Kwanza, Rangi ya Ukuta Baadaye

Umeona kijivu kizuri dukani. Umekipaka sebuleni, na usiku kimegeuka zambarau. Usimlaumu fundi rangi. Kule dukani ulikitazama chini ya taa za duka, na kwako kuna taa nyingine na dirisha jingine. Anza na mwanga, rangi itafuata.

Soma boksi la balbu. Tafuta namba inayoishia na herufi K. 2700K hadi 3000K ni mwanga wa manjano, ule wanaouita warm white. 4000K uko katikati. 6500K ni mweupe unaovuta kwenye buluu, na boksini utakuta neno daylight.

Mwanga wa manjano unapatana na krimu, haradali, maruni, rangi ya udongo na mbao za mninga. Buluu haifaidi kitu hapo, inafifia na kuwa kama kijivu cha kijani. 6500K inafanya kinyume. Buluu inachangamka, krimu inaonekana chafu, na wageni wako wote wanaonekana wagonjwa. Sebuleni na chumbani weka 3000K, jikoni weka 4000K. Ile ya 6500K ipeleke stoo.

Boksini kuna pia CRI, wakati mwingine Ra. Hicho ni kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi bila kuipotosha, na mwisho wake ni 100. Usichukue chini ya 80. Mbele ya kioo cha kuvalia tafuta 90. Taa dhaifu kwa kipimo hiki huionea sana nyekundu, inakuwa kahawia tu.

Sasa njoo mchana. Vitabu vya Ulaya vina ushauri mwingi kuhusu chumba kinachotazama kaskazini, upande ambao kwao haupati jua la kutosha. Usiubebe mzima. Dar es Salaam jua la Juni liko upande wa kaskazini, la Desemba liko kusini. Kwetu cha kuangalia zaidi ni mashariki na magharibi. Chumba cha magharibi kuanzia saa kumi jioni hujaa mwanga wa chungwa. Ukikipaka chungwa au nyekundu, jioni hakikaliki. Kipe kijani kilichopoa au kijivu. Cha mashariki kina joto asubuhi tu, kwa hiyo krimu au haradali itakisaidia siku iliyobaki.

Chungulia nje ya dirisha. Mwembe mkubwa hurusha ukijani ndani, ukuta wa jirani wa matofali hurusha wekundu. Na kama madirisha yako ni ya aluminiamu yenye vioo vya tinted, hapo mwanga umeshachujwa kabla haujaingia. Kioo cha kahawia kinaifanya nyeupe ionekane krimu bila wewe kugharamia. Ukipaka krimu yenyewe, utapata unjano uliopitiliza. Paka nyeupe safi.

Kabla ya kununua ndoo ya lita 20, nunua kopo dogo ujaribu. Chukua kadibodi nyeupe ya ukubwa wa gazeti, upake mara mbili, uache ukingo mweupe pembeni. Ngoja ikauke kabisa, maana rangi ya maji ikiwa mbichi si ile utakayoishi nayo. Isimamishe ukutani, usiilaze sakafuni. Ihamishe karibu na dirisha, kwenye kona yenye giza, nyuma ya sofa. Itazame saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na mbili jioni, kisha usiku taa zikiwaka. Ukishinda kazini siku nzima, jibu la usiku ndilo lako. Umeme ukikatika, acha kwanza. Taa ya chaji si hakimu.

Hapo hapo kwenye kadibodi shikiza kitambaa cha sofa na cha pazia. Unashonesha sofa Keko, Dar es Salaam? Muombe fundi kipande cha ukubwa wa kiganja, hakosi mabaki. Krimu mbili zilizofanana kabisa dukani zinaweza kugombana nyumbani, moja ikivuta kwenye waridi na nyingine kwenye kijani, kwa kuwa kila moja ilitengenezwa kwa dawa zake za rangi.

Ukuta wa rangi nzito unakunywa mwanga. LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 hivi, sawa na balbu ya zamani ya wati 60. Peke yake katikati ya sebule ya kijani kibichi haitoshi. Ongeza taa ya mezani au ya kusimama, na dari iache nyeupe irudishe mwanga chini.

Zile taa za rangi rangi kwenye dari ya jipsamu, zambarau na kijani, mimi ningezizima. Hakuna mpangilio wa rangi unaosalimika mbele yake. Ukizipenda sana, ziwashe siku ya sherehe.

Ukisharidhika, nunua rangi yote kwa mkupuo, yenye namba moja ya toleo, na uandike namba hiyo mahali. Balbu chukua na mbili za akiba za boksi lile lile. Moja ikiungua usiku ukaziba pengo kwa yoyote ya duka la jirani, ukuta mmoja utakuwa na rangi mbili.