Kutoka Kedowa kwenda ziwani msimu wa mvua: jinsi ya kujikinga na malaria

Shule zinapofungwa mwezi wa Aprili, matatu zinazopita Kedowa zikitoka Mau Summit kuelekea Kisumu hujaa watoto wanaopelekwa kwa nyanya zao, wafanyakazi wa mashamba ya chai walio likizoni na jamaa wanaokwenda matanga. Ni wakati huohuo ambapo mvua ya masika huwa imeshika. Abiria anapanda gari Kedowa, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, akiwa amevaa sweta. Anaposhuka Ahero, karibu nusu ya kimo hicho, sweta iko mkononi.

Joto hilo ndilo kiini cha jambo. Vimelea vya malaria vinavyoongoza nchini Kenya, falsiparamu, havikui vizuri ndani ya mbu hewa ikiwa chini ya nyuzijoto 18 hivi. Usiku wa Kedowa kwa kawaida ni baridi kuliko hapo, kwa hiyo mbu wengi hufa kabla vimelea havijakomaa. Karibu na ziwa vimelea hukomaa kwa takriban wiki mbili au pungufu. Mvua nayo huacha maji kwenye nyayo za ng'ombe, mashimo ya kuchimba udongo wa matofali na majaruba ya mpunga, na yai la mbu wa malaria huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 14. Ndiyo sababu hatari haiishi mvua inapokatika. Wagonjwa huongezeka majuma kadhaa baadaye, hadi Juni na Julai.

Kinga ambayo mkazi wa milimani hana

Mtu aliyekulia Nyando au Busia ameumwa na mbu wa malaria tangu utotoni, na mwili wake umejenga kinga ya kiasi. Kinga hiyo haimzuii kuambukizwa, ila hupunguza makali ya ugonjwa. Mkazi wa Kedowa hana kinga hiyo. Mbele ya malaria, mtu mzima mwenye nguvu zake kutoka huku juu anaweza kulemewa kama mtoto mdogo wa kule chini.

Wanaosahaulika zaidi ni wafanyakazi wa chai waliozaliwa kando ya ziwa. Wapo wanaosema kwamba mbu wa kwao wanawajua. Lakini kinga ya malaria hupungua mtu asipoumwa kwa muda mrefu, na aliyekaa miaka kadhaa kwenye nyumba za shamba la chai hurudi kwao akiwa karibu sawa na mgeni. Watoto wake waliozaliwa Kericho ni wageni kabisa.

Si kweli pia kwamba baridi inatulinda daima. Mwaka 1945 Daktari P. C. C. Garnham alichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza taarifa ya milipuko ya malaria kwenye miinuko mirefu ya Kenya, ikiwemo Londiani, jirani yetu. Miaka ya 1990 malaria ilirudi tena kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Watafiti waliotoa ripoti yao mwaka 1998 waliwahoji wagonjwa 244 na kukuta kwamba takriban 8 tu katika kila 100 walikuwa wamesafiri kwenda maeneo yenye malaria nyingi ndani ya siku 30 zilizotangulia. Wengi wa waliobaki, basi, waliambukizwa hapa hapa. Msimu ukiwa na joto kuliko kawaida, na ndani ya nyumba yenye moto wa jikoni, mbu wa milimani naye huweza kusambaza vimelea akimpata mtu aliye navyo. Anayerudi navyo mwilini hajihatarishi yeye peke yake.

Usiku wa kwanza ugenini

Mbu wa malaria huuma kuanzia giza linapoingia hadi alfajiri, na sana usiku wa manane. Kwa hiyo neti yenye dawa ndiyo kinga ya kwanza, na inafaa msafiri aondoke nayo nyumbani badala ya kutumaini kuikuta. Wageni wakiwa wengi, neti za mwenyeji hazitoshi, na anayelala kwenye mkeka sebuleni ndiye hukosa. Kamba ya mita chache na misumari miwili hutatua tatizo la mahali pa kuifunga. Neti mpya ianikwe kivulini siku nzima kabla ya safari, ikaguliwe matundu, na ikitandazwa ichomekwe chini ya godoro au mkeka pande zote.

Wengine huona haya kufungua neti kwa mwenyeji, wakidhani ataona wamemdharau. Wasiwe na shaka. Familia za kando ya ziwa zinalala ndani ya neti miaka yote, na hakuna atakayemshangaa mgeni anayefanya hivyo.

Matanga ni habari nyingine, kwa sababu neti haimsaidii mtu aliyekesha chini ya hema. Hapo kinga ni nguo: suruali au rinda refu, mikono mirefu, soksi, na leso ya kujifunika miguu, kwani mbu wa malaria hupenda kuuma chini ya magoti mtu akiwa ameketi. Ngozi inayobaki wazi ipakwe mafuta ya kufukuza mbu. Kwenye kibandiko cha chupa mnunuzi atafute jina la kiambato, kama vile DEET. Yenye asilimia 20 hadi 30 hudumu saa kadhaa, kisha hupakwa tena. Mtoto wa chini ya miezi miwili asipakwe; yeye akae ndani ya neti. Dawa ya mbu ya kuchoma hupunguza mbu kidogo, lakini moshi wake ndani ya chumba kilichofungwa huumiza kifua na haiwezi kuchukua nafasi ya neti.

Ama wanaoamini kwamba pombe huwafukuza mbu, utafiti wa Burkina Faso uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kinyume: mbu wa malaria walivutwa zaidi na waliokunywa bia ya kienyeji kuliko waliokunywa maji.

Mama mjamzito, mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano na mwenye ugonjwa wa selimundu wanapaswa kumwona mhudumu wa afya kabla ya safari. Kama safari yenyewe inaweza kusubiri, ni afadhali isubiri.

Anayeelekea Mombasa ajue jambo moja zaidi. Huko masika huanguka sana Aprili na Mei, pepo za kusi zinapoanza, na pamoja na malaria kuna homa ya dengi, ambayo imezuka Mombasa mara kadhaa tangu 2013. Mbu wake huuma mchana na huzaliana kwenye mapipa, ndoo na magurudumu makuukuu ya gari. Neti ya usiku pekee haitoshi. Mafuta na nguo ndefu ni za mchana pia.

Homa ikija baada ya kurudi

Hapa ndipo watu hupotea. Dalili za malaria huanza kwa kawaida siku 7 hadi 30 baada ya kuumwa, wakati mwingine hata baadaye. Aliyelala Kisumu wakati wa Pasaka anaweza kuugua Kedowa mwezi wa Mei, kila mtu akikohoa kwa baridi. Mzazi hudhani ni mafua au nimonia, ananunua dawa ya kutuliza maumivu dukani, na siku mbili zinapita. Kwa mtoto asiye na kinga, siku mbili zinaweza kuwa ndizo alizokuwa nazo.

Kwa hiyo homa yoyote baada ya safari ipelekwe siku hiyohiyo kwenye zahanati ya karibu au Hospitali ya Londiani, na neno la kwanza mlangoni liwe mahali mgonjwa alikolala na lini. Mhudumu wa milimani haoni malaria kila siku. Akiambiwa habari za safari atapima damu mara moja. Kipimo kikikosa malaria na homa iendelee, mgonjwa arudi kupimwa tena. Degedege, kulegea, kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida au mtoto kukataa kunyonya ni dharura, usiku au mchana.

Malaria isiyo kali hutibiwa kwa vidonge vya AL, mara sita katika siku tatu: dozi ya pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni. Hufanya kazi vizuri vikimezwa na chakula chenye mafuta au kikombe cha maziwa. Mgonjwa akitapika ndani ya nusu saa, dozi hurudiwa, naye aende kituoni kuongezewa vidonge ili dozi sita zitimie. Homa hupungua mara nyingi kufikia siku ya pili, na ndipo wengi huweka vidonge vilivyobaki kabatini kwa ajili ya safari ijayo, ilhali vimelea vilivyosalia bado viko kwenye damu.