Darsa la Ramadhani, siku ya 14: Saa moja angani, ni safari?



Swali la jana baada ya tarawehe: "Ustadhi, mtu anapanda ndege hapa Mtwara, baada ya saa moja hivi yuko Dar. Hajachoka, hajala vumbi. Na yeye ana ruhusa ya kutofunga?"

Ndiyo, anayo, ila kwa masharti. Sheria imetazama umbali, haikutazama saa wala uchovu. Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, imemruhusu msafiri kutofunga, kisha alipe siku nyingine. Wanavyuoni wetu wa Kishafi wameukadiria umbali huo kuwa marhala mbili, yaani kilomita 80 na kidogo.

Tupige hesabu. Kwenda Mikindani si safari, ni jirani. Lindi inapita kilomita 100, hiyo ni safari. Dar kwa barabara ni kama 560, kwa ndege kama 400 kwa sababu angani hakuna kona. Wazee wetu waliokuwa wakingoja kivuko pale Rufiji, kabla ya Daraja la Mkapa la mwaka 2003, na kijana anayeruka leo, hukumu yao ni moja.

Sasa masharti, sikilizeni vizuri:

1. Uwe umeshatoka mjini kabla ya alfajiri. Ukipambazukiwa nyumbani umefunga na ndege yako ni ya mchana, kwa madhehebu yetu siku hiyo unaikamilisha. Tiketi mfukoni bado si safari. Ruhusa utaitumia kesho yake, ukiwa Dar.

2. Ukinuia kukaa huko siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, ukifika tu wewe ni mkazi. Funga.

3. Siku uliyokula ni deni. Iandike, uilipe kabla ya Ramadhani ijayo.

Na ukiwa umefunga, magharibi ikakukuta angani? Fuata jua unaloliona wewe. Kule juu jua huchelewa kupotea, hivyo walioko chini wanaweza kuwa wameshashika tende na wewe bado unaliona. Subiri, usifungulie saa ya mkononi.

Mgonjwa anayepelekwa Muhimbili kwa rufaa, huyo asihangaike na kilomita. Ugonjwa wenyewe ukiwa unadhurika kwa swaumu ni udhuru, hata angebaki kitandani Likombe.

La mwisho, na ndilo zito. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kuwa Maswahaba walisafiri na Mtume (s.a.w.), wengine wamefunga na wengine hawakufunga, na hakuna aliyemlaumu mwenzake. Basi ukimwona abiria anakunywa maji uwanja wa ndege, usimpige picha, usimtangaze kwenye magrupu. Hujui ametoka wapi wala ana nini mwilini. Utashinda na njaa, na thawabu zako atazichukua yeye.

Allah atutakabalie swaumu zetu na awafikishe salama wasafiri wetu. Amin.

Mtumie mwenzako mwenye safari wiki hii.