Zaka, Mfungo na Kikombe cha Kahawa: Maswali na Majibu kuhusu Imani ya Wamormoni

Swali: Wamormoni ni watu gani, na kwa nini wenyewe hawapendi kuitwa hivyo?

Jibu: Ni waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lililoanzishwa na Joseph Smith tarehe 6 Aprili 1830 katika jimbo la New York, nchini Marekani, na ambalo makao yake makuu yako Salt Lake City, katika jimbo la Utah, walikohamia waumini wake mwaka 1847 wakiongozwa na Brigham Young baada ya kufukuzwa mji hadi mji. Jina la Mormoni limetokana na Kitabu cha Mormoni, ambacho waumini hukihesabu kuwa ni neno la Mungu pamoja na Biblia, na ambacho Waswahili walikipata chote kwa lugha yao mwaka 2000. Mwaka 2018 rais wa kanisa hilo, Russell M. Nelson, aliwataka waumini na waandishi waache lakabu hiyo na kulitaja kanisa kwa jina lake kamili, ombi ambalo ni jepesi kulisikia kuliko kulitimiza, kwa sababu jina lenyewe la Kiswahili lina maneno kumi. Kwa hiyo lakabu itatumika hapa kwa kufupisha maneno tu, si kwa dharau.

Swali: Waanglikana walikwisha kujenga Magila, karibu na Muheza mkoani Tanga, tangu karne ya 19, na Walutheri wakapanda Usambara muda si mrefu baadaye. Ilikuwaje kanisa hili lichelewe hivyo kufika huku?

Jibu: Sababu kubwa ni ya ndani ya kanisa lenyewe, nayo haifai kufichwa. Kwa zaidi ya miaka mia moja Wamormoni hawakuwapa watu weusi ukuhani, yaani mamlaka ya kubatiza, kubariki na kuongoza ibada, ambayo kwa wenzao hutolewa kwa kila mwanamume mwaminifu, wala hawakuwaruhusu kushiriki ibada kuu za hekaluni, na ni dhahiri kwamba kanisa la namna hiyo lisingeweza kujijenga Afrika, ambako pasingekuwa na mwenyeji wa kuliongoza. Marufuku hiyo iliondolewa Juni 1978, wakati wa rais Spencer W. Kimball, kwa tangazo ambalo waumini huliita ufunuo, na mwaka 2013 kanisa lilichapisha maelezo ya kuzikana nadharia za zamani zilizoihusisha rangi nyeusi na laana. Nchini Kenya kanisa lilitambuliwa na serikali mwaka 1991, na Tanzania ikafuata mwaka 1992. Mwafrika anayejiunga leo analikuta swali hilo mlangoni, na mara nyingi wa kwanza kumuuliza ni ndugu zake.

Swali: Inasemekana kanisa hilo halina mapadri wala wachungaji wa kulipwa. Nani basi huliendesha?

Jibu: Huendeshwa na watu wenye kazi zao. Waumini wa eneo moja hukusanywa katika kata, inayoongozwa na askofu, au katika tawi, kama bado ni wachache, linaloongozwa na rais wa tawi, na kata kadhaa pamoja hufanya kigingi. Askofu huyo hakusomea seminari, wala hakuomba cheo: aliitwa, na neno la kitaalamu la Wamormoni ni wito, akakubali, naye ataongoza kwa takriban miaka mitano bila mshahara, kisha atarudi kuketi pamoja na wengine na pengine kupewa darasa la watoto wa miaka saba. Mhasibu anayefunga hesabu za mwezi Ijumaa ndiye huyo huyo anayesikiliza ugomvi wa mume na mke Jumamosi jioni, na hotuba za Jumapili hutolewa na waumini wa kawaida kwa zamu, wanaume kwa wanawake, ijapokuwa ukuhani wenyewe hupewa wanaume peke yao. Kwa mtu wa pwani jambo hili halipaswi kuwa geni sana, kwani walimu wengi wa vyuo vya Kurani walikuwa, na bado ni, wavuvi, washona kofia au wachuuzi wanaofundisha baada ya shughuli zao.

Wakuu wa juu kabisa hutumika muda wote na hupewa posho ya kujikimu, lakini nao pia wametoka katika taaluma nyingine: Nelson alikuwa mpasuaji wa moyo, Dallin H. Oaks aliyemfuata mwaka 2025 alikuwa jaji, na Ulisses Soares, mmoja wa Mitume Kumi na Wawili, alikuwa mhasibu na mkaguzi wa hesabu nchini Brazili. Cheo cha wamisionari wa kiume, vijana wanaotembea wawili wawili kwa shati jeupe na kibao cheusi kifuani, kimetafsiriwa kwa Kiswahili kuwa Mzee, na hivyo mtu anaweza kukutana na kijana wa miaka 19 asiyeota hata ndevu akijitambulisha kwa jina la Mzee Fulani. Mfasiri hakuwa na la kufanya, lakini katika nchi ambayo uzee una heshima yake, tabasamu la wasikilizaji linaeleweka.

Swali: Zaka ya Mormoni ni sawa na zaka ya Mwislamu?

Jibu: Neno ni moja, hesabu ni mbili. Zaka ya mali kwa Mwislamu ni asilimia mbili na nusu ya akiba iliyofikia kiwango maalumu na kupitiwa na mwaka, ilhali ya Mormoni ni fungu la kumi la pato lenyewe, kila linapoingia, tajiri na maskini sawa, kiasi kwamba mwenye mshahara wa shilingi 900,000 hutenga 90,000 kabla ya kodi ya nyumba na ada za watoto, au baada ya makato ya serikali, kwa kuwa kanisa limemwachia kila mtu akadirie mwenyewe pato lake ni lipi. Mwisho wa mwaka huketi na askofu na kutamka iwapo alichotoa ni zaka kamili. Juu ya hiyo kuna matoleo ya mfungo: Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, kwa desturi, muumini mwenye afya huacha kula na kunywa kwa muda wa milo miwili, na thamani ya chakula hicho huitoa kwa ajili ya maskini. Jirani aliyezoea mwezi mzima wa Ramadhani, pamoja na daku yake na futari yake, huenda akauona mfungo huo kuwa mfupi, lakini nia ya kufunga na kumkumbuka asiye na kitu anaitambua mara moja.

Swali: Ni kweli kwamba Mormoni hanywi chai wala kahawa? Ataishije Tanga?

Jibu: Ni kweli, na hapa ndipo imani hii inapogusana na maisha ya pwani kwa ukali kuliko mahali pengine popote, hata kuliko katika mafundisho ya juu ya Mungu. Agizo hilo huitwa Neno la Hekima, ufunuo ambao Joseph Smith alisema aliupokea tarehe 27 Februari 1833 huko Kirtland, Ohio, nao unakataza vileo, tumbaku na "vinywaji vya moto", maneno ambayo viongozi waliyafasiri kuwa ni chai na kahawa. Tafsiri hiyo ina maana kwamba moto si hoja: uji wa moto ni halali na supu ya pweza ni halali, lakini kahawa iliyopoa, hata ikitiwa barafu, imekatazwa vilevile. Kwa upande wa pombe na tumbaku Mormoni wa Tanga hana upweke, kwa sababu Mwislamu naye hagusi mnazi, wala dengelua ya milimani. Upweke wake uko kwenye kikombe.

Kahawa ya barazani inajulikana: muuzaji hupita na dele lililoketi juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na kishikio vikigongana mkononi, kahawa ikiwa chungu bila sukari, na utamu ukitafutwa kwenye kipande cha kashata; anayekaa hapo hanunui kinywaji tu, bali habari za mji, za bandari, za mazishi na za bei ya mkonge. Anayekataa kikombe huonekana kama amekataa baraza yenyewe. Chai nayo ina uzito wake, kwa kuwa huchumwa papo hapo, juu Usambara, katika mashamba kama Ambangulu na Herkulu, na kwa kuwa lugha imeigeuza kuwa jina la mlo mzima: anayeulizwa kama amekunywa chai haulizwi habari ya majani, anaulizwa kama amekula vitumbua, mihogo au mbaazi. Kwa hiyo Mormoni hujibu kwa ukweli mtupu kwamba amekunywa chai, akiwa amekunywa maji ya mchaichai na tangawizi, ambayo hayamo katika katazo, kwani mchaichai, licha ya jina lake, si mchai bali ni nyasi.

Kuna chai ya tatu, ile isiyomiminwa kikombeni, ambayo mteja huipenyeza chini ya faili ili karatasi yake itangulie. Hiyo haitajwi katika ufunuo wa 1833, lakini muumini anayetaka kuingia hekaluni huhitaji kibali kinachofanywa upya kila baada ya miaka miwili, na katika mahojiano ya kukipata, kwanza na askofu na kisha na rais wa kigingi, huulizwa kama anashika Neno la Hekima, kama analipa zaka kamili, na kama anajitahidi kuwa mwaminifu katika yote atendayo. Kwa mtu wa ofisini swali hilo la mwisho ndilo zito. Kukataa kahawa kunamgharimu masimango, kukataa chai ya chini ya faili kunaweza kumgharimu urafiki wa wenzake wote wa chumba kimoja.

Swali: Je, Mormoni hufanya kazi Jumapili?

Jibu: Hushauriwa asifanye, ila wauguzi, walinzi na wenye zamu hueleweka. Tangu Januari 2019 mikutano ya Jumapili imepunguzwa kutoka saa tatu hadi mbili.

Swali: Na suala la kuwabatiza wafu?

Jibu: Wamormoni huamini kwamba ubatizo ni wa lazima, na kwamba aliyekufa bila kuupata anaweza kubatizwa kwa niaba, muumini aliye hai akizamishwa majini badala yake, huku roho ya marehemu ikibaki na hiari ya kukubali au kukataa. Ibada hiyo hufanyika hekaluni tu. Hekalu la Nairobi, lililotangazwa mwaka 2017, liliwekwa wakfu na Soares tarehe 18 Mei 2025, na safari ambayo zamani iliweza kumpeleka muumini mpaka Johannesburg sasa kwa mtu wa Tanga ni ya kuvuka Horohoro, kufika Mombasa na kupanda treni. Ugumu uko nyumbani, kwani nasaba za pwani zimejaa mababu Waislamu, na wajukuu wao walio hai wanaweza kuliona jambo hilo kuwa ni kumtoa mzee katika dini yake akiwa kaburini. Kanuni za kanisa zinataka idhini ya ndugu wa karibu ikiwa marehemu alizaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita. Kwa nasaba za pwani, kanuni hiyo inalinda vizazi viwili vitatu tu.

Swali: Wake wengi je?

Jibu: Waliachana nao kwa tangazo la mwaka 1890, na leo mwenye wake wawili habatizwi hali akiendelea na ndoa hizo, hata kama sheria ya nchi inazitambua.

Swali: Kanisa la Kirumi linawahesabu kuwa Wakristo?

Jibu: Wao wenyewe hujihesabu hivyo kwa nguvu zote. Hata hivyo hufundisha kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni nafsi tatu zilizotengana kabisa, zenye umoja wa kusudi tu, na Roma iliamua mwaka 2001 kwamba ubatizo wao si halali. Mwislamu kwa upande wake husimama penye nukta nyingine, kwamba hakuna mtume baada ya Muhammad, na hapo mazungumzo ya baraza kwa kawaida huhamia kwenye mpira.

Swali: Mwenyeji anayemkaribisha mfanyakazi mwenzake wa imani hii afanye nini?

Jibu: Amchemshie mchaichai, na asimnyime kashata.