Maji Yaendayo Kasi na Misingi ya Madaraja

Mito ya Chimala, Kimani na Mbarali huteremka kutoka nyanda za juu hadi uwanda wa Usangu, na barabara kuu itokayo Iringa kwenda Mbeya huivuka karibu na mahali mteremko unapokoma. Hapo mto huacha mwamba na kupita juu ya mchanga na kokoto ulizozileta wenyewe. Na kilicholetwa na maji huweza kuchukuliwa na maji.

Kani ya maji yanayosukuma jiwe hulingana na kipeo cha pili cha kasi, na vilevile na eneo la uso wa jiwe, yaani kipeo cha pili cha upana wake. Lakini uzito wa jiwe hulingana na kipeo cha tatu cha upana huo. Basi upana wa jiwe kubwa kabisa liwezalo kusukumwa hulingana na kipeo cha pili cha kasi, na uzito wake na kipeo cha sita. Kasi ikizidi mara 2, maji huweza kusukuma jiwe lenye uzito mara 64! Ndiyo maana mto uliotulia mwezi wa Oktoba huviringisha majabali mwezi wa Machi.

Nguzo ya daraja huongeza hatari. Maji ya juu huenda kasi kuliko yale yaliyo karibu na sakafu ya mto. Yanapoigonga nguzo, kanieneo huwa kubwa zaidi juu kuliko chini, na maji hushuka kwa nguvu mbele ya nguzo. Yakifika chini huchimba, kisha huizunguka nguzo pande zote mbili kwa umbo la kwato la farasi, yakichukua mchanga. Hata mwamba haukusalimika na maji yazungukayo: katika Mto Kiwira, wilayani Rungwe, yamechimba shimo liitwalo Kijungu.

Udanganyifu mkubwa ni kwamba mafuriko yapunguapo, mchanga hurudi na kulijaza shimo. Mkaguzi wa kiangazi huona sakafu tambarare, wala hajui kuwa wakati wa mvua nguzo ilikuwa imesimama juu ya shimo. Kina hakina budi kupimwa mafuriko yangalipo, kwa kamba yenye uzito.

Kinga iliyo bora ni kuushusha msingi hadi kwenye mwamba, au chini kabisa ya kina kinachoweza kuchimbwa. Mawe makubwa husaidia, lakini yakitupwa tu juu ya mchanga, maji huunyonya mchanga kupitia nafasi zilizo kati yake na mawe huzama. Sharti kwanza itandazwe kokoto ya kadiri. Nayo mawe yakizidi huubana mto na kuongeza kasi. Tarehe 5 Aprili 1987 daraja la Schoharie, New York, Marekani, lilianguka katika mafuriko na watu 10 wakafa. Msingi wake ulikuwa wa kina kifupi, na mawe ya kinga yaliyochukuliwa na maji hayakurudishwa.

Darasani, tandaza mchanga kwenye karai refu, simamisha chupa iliyojaa maji, kisha mimina maji polepole kutoka upande mmoja. Wanafunzi waangalie shimo linaanzia wapi, na chupa inaegemea upande gani ianzapo kuanguka.