HUZUNI NA MAZOEA YA FIKIRA

Ndugu wasomaji, tumeulizwa mara nyingi: kwa nini msiba mmoja huwapata watu wawili, mmoja akainuka na mwenziwe asiinuke? Wengi hujibu upesi kwamba huyu wa pili imani yake ni haba. Jibu hili si la haki. Nabii Yaakub, amani iwe juu yake, alimlilia mwanawe hata macho yake yakawa meupe. Nani atathubutu kusema kuwa imani yake ilikuwa haba?

Tuwatazame ndugu zetu wa Kisumu. Mwezi wa Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kupita hata kipimo cha mwaka 1964, yakaingia majumbani na mashambani huko Dunga, Nyando na Nyakach. Mafuriko yalikuwa mamoja, lakini nyoyo hazikuwa moja. Tuseme wavuvi wawili wamepoteza nyavu zao. Mmoja asema, "Hasara imenipata, nianzie wapi?" Wa pili hukesha akijisaili, "Kwa nini mimi? Mbona mimi sina langu liwalo?" Swali la kwanza lina mlango wa kutokea. La pili ni kama ngamia wa kinu cha ufuta: hutembea kutwa asifike popote.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1989 tetemeko la ardhi lilipiga California, Marekani. Bibi Susan Nolen-Hoeksema, mwalimu wa elimu ya nafsi katika Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwa amewauliza wanafunzi, siku 14 kabla yake, hufanya nini wanapohuzunika. Wale waliozoea kuipekuapekua huzuni yao walionekana baada ya tetemeko kuwa na dalili nyingi zaidi za sonona, ndiyo huzuni iliyokita.

Wala elimu hii si ngeni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alipambanua huzuni yenye sababu ijulikanayo na ile isiyojulikana sababu yake. Akausia kwamba mtu, angali mzima, ajiwekee akiba ya fikira njema, kama awekavyo dawa nyumbani kabla ya maradhi.

Kweli, wako walioumbwa wepesi wa wasiwasi, na wako walioumbwa wakavu wa moyo. Umbile si dhambi, wala haliondoki kwa karipio. Lakini mazoea ya fikira hufunzika. Basi tunausia haya:

Kwanza, tusimwambie mgonjwa "jikaze" wala "huna imani". Maneno hayo humwongezea shtaka jingine la kujishtakia nafsi yake.

Pili, tumsaidie kuligeuza swali lake kutoka "kwa nini mimi?" hadi "leo nifanye nini?" Tena iwe kazi ndogo, pamoja na mtu: kushona wavu, kwenda sokoni, kwenda msikitini.

Tatu, huzuni ikidumu wiki 2 au zaidi, ikamwondolea usingizi, chakula na hamu ya kazi, apelekwe kwa daktari. Mjini Kisumu iko Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga. Akitaja kujiua, asiachwe peke yake hata saa moja.

Kutafuta dawa hakupingani na kutawakali. Dua na tabibu ni makasia mawili ya chombo kimoja. Anayepiga moja tu huzunguka pale pale.

Wallahu a'alam.