Umealikwa Shughulini? Uliza Kwanza ni Shughuli Gani

Simu inalia: "Jumamosi tuna shughuli nyumbani, usikose!" Umeitika, simu imekatika, na hujui kama ni arusi au hitima. Usihangaike, msomaji wetu. Vidokezo hivi havichukui hata dakika tano.

1. Uliza kabla hujafungua kabati
Shughuli haibagui furaha na huzuni. Huku Pwani na Dar es Salaam, arusi ni shughuli, maulidi ni shughuli, na arobaini ya marehemu nayo ni shughuli. Sema tu, "Shughuli ya nini, dada?" Hakuna atakayekasirika, nawe hutatinga kwenye hitima na gauni la kumetameta.

2. Sherehe ni ya vigelegele
Uhuru, mahafali, siku ya kuzaliwa: hapo sema sherehe kwa kinywa kipana. Msibani usilitamke. Na ukilikuta mwishoni mwa kitabu cha tenzi, usitafute biriani. Hapo sherehe ni maelezo ya maneno magumu!

3. Hafla ina ratiba
Ukisikia hafla, tarajia mgeni rasmi na hotuba. Wakenya husema hata hafla ya mazishi, basi ukiwa Nairobi usishtuke. Dhifa, yaani karamu rasmi ya wakubwa, tuwaachie wa Ikulu.

4. Njoo na kisu chako
Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote. Shughuli asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kazi. Ndiyo maana mtu mwenye mambo mengi "ana shughuli", na anayefuatilia jambo "analishughulikia". Kwa hiyo ukialikwa na jirani, umeitwa pia kushika kazi: vitunguu vya pilau havijimenyi, mchele haujichambui. Waswahili husema shughuli ni watu, na ukiwaona akina mama wamejifunga kanga alfajiri, wamezunguka sinia la karoti huku wakicheka, utaelewa kwa nini. Mbinu yenyewe? Visu havitoshi kamwe, basi beba chako, kifunge uzi mwekundu kwenye mpini ili ukitambue, kisha mwulize mwenye shughuli: "Nishike wapi?" Utapendwa mpaka mwakani.

5. Aga kwa neno lake
Arusini, "Hongera." Kwenye arobaini, "Mungu amrehemu." Na kama uliazimisha sufuria, lichukue siku hiyohiyo, kabla halijaondoka na masufuria ya jirani.