Gia za Nyuma za Baiskeli: Kwa Nini Hukataa Kubadilika?

Gia za baiskeli hukataa kubadilika hasa mlimani, mahali zinapohitajiwa zaidi. Kabla ya kugusa parafujo yoyote, yafaa tuelewe namna mtambo huu unavyofanya kazi.

Kwenye ekseli ya nyuma kuna magurudumu madogo yenye meno, yaani sproketi. Iliyo ndogo kabisa iko upande wa nje, na iliyo kubwa kabisa iko karibu na spoki. Mkono unaoning'inia chini yake ndio unaouhamisha mnyororo. Kwa kawaida waya huuvuta mkono huo kuelekea sproketi kubwa, na springi huurudisha kuelekea ndogo. Katika mtambo wa Shimano wenye sproketi nane, umbali wa kutoka sproketi hadi sproketi ni milimita 4.8, lakini wenzo wa gia huvuta waya milimita 2.8 hivi tu kwa kila hatua. Basi waya ukilegea milimita moja, zaidi ya theluthi ya mwendo huo imepotea.

Mnyororo ukisita kupanda sproketi kubwa, waya umelegea. Zungusha kinyume cha saa kile kijipipa cha kurekebishia waya, nusu mzunguko, kisha ujaribu tena. Ukisita kushuka, wengi huilaumu springi bure. Legeza waya kidogo. Hali ikibaki vilevile, kutu na vumbi ndani ya ala ya waya vimeongeza msuguano unaoishinda springi. Dawa yake ni waya na ala mpya.

Ukisita pande zote mbili, itazame baiskeli kutoka nyuma: huenda mkono umepinda baada ya baiskeli kuangukia upande wa kulia.

Mnyororo unaoruka meno unapokanyaga kwa nguvu ni jambo jingine. Pima kwa rula: pingili 24 za mnyororo mpya zina urefu wa milimita 304.8. Zikifika 307, mnyororo umechakaa.

Zile parafujo mbili zenye alama H na L huweka mipaka ya mkono tu, hazirekebishi waya. L ikilegezwa mno, mnyororo waweza kutumbukia kwenye spoki, gurudumu likakwama ghafla na mpandaji akaanguka. Kwa hiyo, baada ya marekebisho yoyote, inua gurudumu la nyuma, zungusha kanyagio kwa mkono, na upitishe mnyororo kwenye sproketi zote kabla ya kupanda.